Uzito Juu ya Magurudumu ya Nyuma

Siku tulipomzika Kapembwa, wanawake walinong'ona juu yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kichwani pa maiti, bega langu likigusa ubao wa sanduku, na mimi ni mama mkwe wake. Kwetu mama mkwe hakai hapo. Anakaa nje nyuma ya nyumba, uso umefunikwa kitenge, analia kwa mbali kama mpita njia. "Ule bibi hana haya," nilimsikia mmoja akisema, mwanamke mdogo mwenye wigi nyekundu, na mwenzake akamjibu, "Ni uzee, kichwa kimechoka." Kichwa changu hakijachoka. Masikio pia hayajachoka, kama mnavyoona. Lakini kabla sijafungua kinywa, Mama Feza aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo kuja kulia nami, mzee kama mimi na mwenye sauti ileile ya sokoni, aligeuka akawaambia: "Munyamaze, batoto. Huyu na huyu balipanda kamio moja." Hawakuelewa. Walinyamaza kwa sababu ya sauti tu. Ndiyo maana naandika, ili waelewe, na kama mkono utanitosha nitaandika mpaka mwisho. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu masista wa Kilwa walinifundisha kusoma kwa lugha hiyo kabla sijaolewa ng'ambo hii ya ziwa, na kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya samaki. Nyumbani tunasema Kibemba, lakini mwaka ule wa kamio, yaani lori, ulisemwa wote kwa Kiswahili, juu ya magunia.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, zile mvua za mwisho wa miaka ya tisini ambazo zilipandisha ziwa Mweru likaingia kwenye jikoni za watu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye nguvu zangu, mnene, nauza samaki wakavu Kashikishi. Binti yangu Mwape alikuwa ameolewa Mununga, kaskazini, na mvuvi aitwaye Kapembwa. Mahari ilikuwa imemalizika, lakini hatukuwa tumemfanyia ukwingisha, ile sherehe ambayo wazazi wa mke wanampikia mkwe, wanamfungulia mlango, na tangu hapo anaweza kula nao na kusema nao. Mpaka siku hiyo ifike, mkwe na mama mkwe ni kama jua na mwezi. Nikimwona njiani naingia kwenye majani. Akija nyumbani natokea mlango wa nyuma. Nilimjua kwa miguu yake tu, kwa sababu macho yangu kila mara yalikuwa chini: miguu mirefu, kidole gumba cha kulia kimepinda, ndala za buluu. Nilijua pia kikohozi chake, kwa sababu alikuwa akikohoa mbali ili nipate nafasi ya kujificha. Ilikuwa heshima nzuri. Vijana wa leo wanacheka, lakini mimi nilijua kwamba mtu anayekohoa mbali vile anampenda binti yangu. Mama yangu mzazi alinionya nikiwa msichana: mkiuvunja mwiko huo kabla ya wakati wake, mikono ya mmoja wenu itatetemeka mpaka kaburini. Niliamini. Sote tuliamini.

Sasa niseme juu ya kamio. Ilikuwa mali ya Bashi Kalaba, baba wa Kalaba, mtu wa Kashikishi mwenye duka na stoo, mzito wa mwili na mwepesi wa hasira. Msimu wa nyuma yake hakuna gari lililokubali kwenda Mununga wakati wa mvua, na samaki wetu walioza kule tukiwa tunaangalia mawingu. Basi Bashi Kalaba alinunua kamio kuukuu iliyokuwa ya askari, fupi, mbaya ya sura, rangi ya majani makavu, na akamchukua dereva, shofere tunavyosema, kutoka Kongo, Muzee Kalume, mtu mwembamba mwenye jino moja la dhahabu. Mwisho wa majira ya jua, kabla ya tone la kwanza, alituita sisi wanawake wa samaki kwenye stoo yake. Alisema wenye mzigo wasikie kwa masikio yao jinsi kamio itakavyovalishwa mipira, yaani matairi, wasije kulia baadaye. Naikumbuka stoo ile vizuri kuliko nyumba nyingi nilizolala. Kulikuwa na joto, harufu ya samaki na ya grisi, mwanga unaingia kwa tundu za bati na kuchora vidoadoa kwenye sakafu. Tulikaa juu ya magunia matupu, tukala ugali tunaouita bukari, na sombe ya majani ya muhogo, na pale wa kukaanga, yule samaki mpana wa ziwa letu. Ukutani iliegemea mipira ya kamio, mirefu kutufikia vifua, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

Mipira ilikuwa ya namna mbili, na juu ya hiyo wanaume wawili waligombana mpaka bukari ikapoa. Kwa msiokijua Kiswahili chao, yulu ni juu, fasi ni mahali, bulongo ni udongo, potopoto ni tope, mayi ni maji, na njo ni ndiyo. Bashi Kalaba alipiga kofi mpira mmoja mpana, uso wake laini wenye mistari midogo. "Angalia hii. Pana. Inakaa yulu ya muchanga, haizame. Toka hapa mpaka Mununga ni muchanga."

"Ni muchanga wakati ya jua," Muzee Kalume alisema bila haraka, akitoa mwiba wa samaki kinywani. "Wakati ya mvua, kule chini karibu na mito, ni bulongo nyeusi. Mupira mupana yulu ya bulongo nyeusi ni sawa sahani yulu ya mafuta. Njo mi nataka hii." Akagusa mwingine, mwembamba, wenye meno marefu kama ya mamba. "Hii inakata potopoto, inashuka, inashuka, mpaka inakuta fasi ya nguvu chini. Pale njo inashika."

"Na kama chini hakuna fasi ya nguvu?"

"Kila potopoto iko na chini yake."

"Unajua namna gani?"

"Bashi Kalaba, hata ziwa iko na chini!"

"Ndiyo, na watu waliofika kule hawakurudi," Bashi Kalaba alijibu, na sisi tukacheka, lakini yeye hakucheka, na Kalume hakucheka.

Kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Kamio ile iliumbwa ivute kwa miguu yote minne, ya mbele na ya nyuma. Lakini fimbo ya chuma inayopeleka nguvu mbele ilikuwa imetolewa, imelala pale pembeni imefungwa kwenye gunia kama mtoto aliyekufa. Kiungo chake kimoja kilikuwa kimelika. Tena, alisema Bashi Kalaba, miguu minne inakunywa mazutu, yaani dizeli, sana. Kalume alisema bila hiyo fimbo kamio ni ng'ombe mwenye miguu ya mbele ya kuonyesha tu. Mwishowe walikubaliana kwamba mfanyabiashara mmoja atatafuta kile kiungo Lubumbashi. "Itakuya," alisema Bashi Kalaba. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote.

Ndipo Kalume, labda ili kupoza hasira, akatuambia habari ya padri mzungu aliyemfanyia kazi ujanani. Padri yule alikuwa na picha ya njia ya kwao wakati wa baridi. Njia yote nyeupe, miti myeupe, kamio nyeupe mpaka tumboni. "Unga?" aliuliza Mama Feza. "Hapana, haina unga. Inaanguka toka yulu, sawa mvua, lakini inakaa. Inateleza kupita potopoto. Kule bashofere banafunga minyororo ku mipira. Na ule asiye na mzigo, anajaza magunia ya muchanga, anaweka nyuma, yulu ya magurudumu, ili kamio ishike njia." Hapo stoo nzima ililipuka. Kubeba mchanga! Kwenda kuuza kwa nani? Mama Feza alilia machozi ya kicheko: "Wazungu banabeba muchanga, na sie tunabeba samaki, halafu banasema sie njo hatuna akili!" Hata Bashi Kalaba alicheka. Na katika kicheko kile Mama Feza ndiye aliyekata shauri, maana mipira yenye meno ilikuwa miwili tu. "Mutie meno nyuma, na laini mbele. Sawa bwana yangu siku ya Yenga, Jumapili: yulu koti ya kanisa, chini bota ya shamba." Wote wakakubali. Mimi niliuliza jambo moja tu. Niliuliza, kama meno yako nyuma na kichwa kiko laini, kamio itaangalia wapi? Muzee Kalume alifuta mikono kwenye suruali. "Bana Mwape," alisema, yaani mama wa Mwape, "itaangalia fasi mi naiambia." Lakini nilimwona akiugusa ule mpira laini kwa kidole, akausugua, kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini.

Mvua zikaja. Siku za kwanza Kalume alionekana nabii: meno yalikata, kamio ilirudi na mizigo, Mama Feza akawa anaimba kwenye kabini. Kile kiungo cha Lubumbashi hakikuja. Katikati ya mvua nilikwenda Mununga kununua chisense, wale samaki wadogo kama misumari, na kwa sababu ya mkwe sikulala kwa binti yangu. Nililala kwa Bana Chola, mjane jirani yao. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ukuta wa matete tu. Asubuhi ile nilikuwa nakunywa uji, mvua inapiga nyasi za paa, nikasikia upande wa pili sauti ambayo kwanza nilidhani ni ya mbuzi. Halafu nikasikia kikohozi, ile namna yake ya kukohoa ili nimkwepe, lakini kilikatika katikati.

"Usimwambie mama," ilikuwa sauti ya Kapembwa.

"Nimwambie nani basi? Ziwa?" alijibu Mwape, na nikasikia kwamba alikuwa amelia muda mrefu.

Alikuwa na ngiri, ule uvimbe wa kinena ambao wavuvi wengi wanao kwa kukokota nyavu. Aliuficha miaka. Kila mara ulitoka akausukuma ndani kwa mkono, akaendelea na kazi. Asubuhi ile ulitoka ukakataa kurudi, ukawa mgumu kama jiwe, na alianza kutapika. Bwana Chisha wa kliniki alikuja na koti la plastiki, akatazama, akatoka, akasimama chini ya upenu wa Bana Chola. Aliniambia bila kuzunguka: "Mama, utumbo umenyongwa. Lazima apasuliwe leo, kwenye hospitali kubwa ya Kashikishi. Kesho utakuwa umeoza ndani, na hapo hata wao hawatamweza." Niliangalia ziwa. Lilikuwa limejaa mawimbi meupe mpaka mbali, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, imepinduliwa kifudifudi. Hakuna mwanamume aliyeigusa. Nikaacha uji, nikakimbia sokoni mahali kamio ya Bashi Kalaba ilipokuwa inapakiwa, na katika kukimbia nilikuwa najisemea jambo moja: laini mbele, meno nyuma, fimbo iko kwenye gunia.

Kalume alisikiliza na mikono yake kiunoni. "Bulongo imekunywa mayi siku zote hizi," alisema. "Siwezi kukuapia." Kisha akasema, "Mumulete." Kukaa kwenye kabini hakuweza, maana kujikunja kulimfanya apige kelele. Wanaume wakamlaza kwenye mkeka juu ya magunia ya chisense, nyuma kabisa, Mwape akashika kichwa chake, wakamfunika turubai, na abiria wengine wakajipanga pembeni. Mimi nilisimama nimegeuza mgongo mpaka walipomaliza. Kisha nikapanda kabini, mimi na Mama Feza, na kwenye kile kioo kidogo kinachoangalia nyuma nikatundika kitenge changu, nisije nikageuka kwa bahati mbaya. Mama Feza hakunitania. Hapo nilijua kwamba hata yeye anaogopa.

Kwenye mchanga tulikwenda vizuri. Kamio iliyumba, ikalalama, ikaendelea. Kila ilipodunda nilisikia kutoka nyuma ile sauti ya mbuzi, na nikaanza kuitamani isikike, maana ilipokawia nilishika mlango. Kalume alikuwa anasema na usukani kwa lugha ya kwao, taratibu, kama anavyosemeshwa mnyama. Halafu njia ikashuka. Kulikuwa na bonde pana, majani marefu pande zote mbili, udongo mweusi unaong'aa, na mbele kabisa kijito chenye daraja la magogo. Kalume alishusha vitesi, yaani gia, akaingia. Kamio ilikwenda, ikapunguza, ikakaa. Mashine ilinguruma na sisi hatukwenda popote. Nilihisi nyuma inazama polepole kama mtu anayeketi kwenye kiti.

Sisi watu wa ziwa, chombo kikikwama tunajua dawa moja tu. Mtumbwi ukipanda fungu la mchanga, watu wanaruka, mzigo unashushwa, chombo kinakuwa chepesi, kinaelea. Tumefanya hivyo tangu utoto, mikono inafanya yenyewe kabla ya kichwa kuulizwa. Kalume alikuwa ameshuka, amejilaza kwenye tope kando ya kamio kutazama chini yake, na abiria wote waliokuwa nyuma tayari walikuwa wameruka. "Punguza muzigo! Punguza!" Gunia baada ya gunia liliruka kwenye majani. Mimi mwenyewe nilivuta magunia, kitenge kimefunika uso, nimepoteza kiatu kimoja kwenye potopoto. Wakamshusha hata Kapembwa na mkeka wake. Mtu mmoja aliyejua kuendesha kidogo akapanda kujaribu, akakanyaga. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kama feni. Potopoto iliruka juu ya vichwa vyetu, na meno marefu ya mamba yakachimba, yakachimba, mpaka tumbo la kamio likalala chini.

Kalume aliinuka kwenye tope mweusi mzima, jino la dhahabu tu ndilo lililoonekana. "Munafanya nini? Munafanya nini? Ni mutumbwi hii? Haina mutumbwi, ni kamio! Inavuta na matako! Mukitoa uzito ku matako, itashika na nini?" Alimtoa yule mtu kwenye usukani kwa shati. Kisha akachukua fito ndefu, akaichomeka kwenye tope kando ya gurudumu. Iliingia. Akaisukuma zaidi, ikaingia tena, mpaka mkono wake ukagusa tope. Akaichomoa. "Bashi Kalaba alisema kweli," alisema, si kwa sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Hapa hakuna chini. Meno yangu inatuchimbia kaburi." Nimewajua wanaume wengi, na wachache tu nimewaona wakisema hivyo huku mvua inanyesha na watu wanasikiliza.

Hakukaa kulia. Kwanza alitoa pumzi kwenye mipira ya nyuma, ikalia fuu, mpaka ikavimba pembeni na kukaa pana kama nyayo za tembo. Sisi tukakata matete kwa visu vya samaki, tukayalaza mbele ya magurudumu, mafungu kwa mafungu. Kisha akasema turudishe magunia yote, na si kila mahali: nyuma kabisa, juu ya magurudumu. "Muchanga ya muzungu," alisema Mama Feza akiwa na gunia kichwani, na hakuna aliyecheka. Kalume alijaribu. Kamio ilitikisika, ikapanda kidogo, ikarudi. Akajaribu tena, ikapanda zaidi, ikarudi. "Bado uzito," alisema. "Bantu bote bapande. Bote. Musimame pale magunia iko." Wakapanda. Wakamlaza Kapembwa katikati yao, maana kumwacha chini hakukufaa, kamio ikitoka haitasimama tena. Mama Feza akapanda kwa kusukumwa. Nilibaki mimi peke yangu katika majani, mgongo wangu kwao, mvua inanitiririka shingoni.

"Bana Mwape," aliita Kalume. "Panda."

"Siwezi. Mukwe wangu iko pale. Hata nguo hana vizuri."

"Mumwache," alisema mzee mmoja kutoka kamioni. "Ataleta mabaya. Mutu mugonjwa, munamwongezea laana?"

"Nitatembea," nilisema. "Endeni, nitatembea."

Kalume alijaribu bila mimi. Niliyatazama magurudumu yakizunguka juu ya matete, yakayala, yakashuka. Nilikuwa naiona mikono ya mama yangu ikinionya. Nilikuwa namsikia Mwape akisema jina la mume wake, mara moja, mara ya pili, kama unavyomwita mtu anayesinzia wakati hapaswi kusinzia. Ndipo nikasikia sauti nyingine. Haikukohoa kwanza. Katika miaka yote ile haikuwahi kunifikia bila kukohoa kwanza.

"Mama," ilisema. "Mupande."

Hakuwa na pumzi ya zaidi. Nikageuka. Mikono ikanivuta, Mama Feza akanishika mshipi wa kitenge akasema sikioni mwangu, "Mungu alikunenepesha juu ya leo," nami nikakaa mahali pekee palipobaki, juu ya gurudumu la kushoto, mgongo wangu kwake, kichwa chake kikigusa mgongo wangu. Nilihisi joto lake kupitia nguo yangu iliyolowa. Mkono wake ukatafuta, ukashika pindo la kitenge changu, ukalifumbata. Kalume akakanyaga polepole sana. Kamio haikuruka, haikuzunguka. Ilisita, ikashika, ikaanza kutambaa kama konokono, matete yanalia chini yake, na hakuna mtu aliyesema neno, tuliogopa kwamba hata neno lingeitoa mahali pake.

Tulipotoka kwenye tope ndipo nilipokumbuka swali langu la stoo. Mbele palikuwa na daraja la magogo, na ile mipira laini ya mbele ilikuwa imejaa udongo, haina jino hata moja la kushika. Nyuma ilisukuma, mbele iliteleza. Niliona pua ya kamio ikienda kushoto, mahali maji yalipokuwa, na Kalume anazungusha usukani kulia, na pua haimsikii. "Musicheze!" alipiga kelele dirishani. "Mukae!" Tulikaa. Gurudumu la mbele liligonga ubavu wa gogo la kwanza, likapanda juu yake kwa bahati au kwa Mungu, na tangu hapo magogo yenyewe yalituongoza. Chini yangu, kati ya mbao, niliona maji ya kahawia yanakimbia. Pindo langu lilikuwa bado limefumbatwa.

Tuliingia Kashikishi jua likiwa halijazama, ingawa jua lenyewe hatukuliona siku ile. Walimchukua kwa machela, na ilibidi muuguzi afungue vidole vyake kimoja kimoja kwenye nguo yangu. Nilikaa kwenye benchi la korido, potopoto inanikaukia mwilini, Mwape kichwa chake mapajani pangu kama mtoto, mpaka daktari alipotoka na kusema utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi lakini haujafa, na kwamba tungechelewa kidogo zaidi asingekuwa na la kufanya. Muzee Kalume alikuwa amekaa chini ukutani, hajaosha hata uso. Alisikia, akainuka, akatoka. Nilimwona kwa dirisha, amesimama mbele ya kamio, anatazama mipira, anakwangua udongo kwenye meno kwa kijiti.

Wazee wa ukoo walikutana baadaye, maana jambo lile lilienea kuliko mafuriko. Wengine walisema nilipe, wengine walisema nioshwe kwa dawa. Mjomba wa Kapembwa, mtu mkali sana, aliuliza nani alimwita mwenzake kwanza. Kapembwa akasema ni yeye. "Basi," alisema mjomba, "mwenye mlango ameufungua mwenyewe. Nyie mnataka kuufungua mara ya pili?" Nilipika kuku hata hivyo, nikampelekea kwa mikono yangu, na siku hiyo ndipo nilipouona uso wake. Ulikuwa wa mtu mdogo kuliko nilivyofikiri. Tulikaa tunaangaliana, na mwishowe alisema, "Mama, nyie ni wazito kweli," na nikacheka mpaka nikaweka sahani chini. Kile kiungo cha Lubumbashi kilifika mwezi wa sita, njia ikiwa kavu kama mfupa. Bashi Kalaba alikitundika ukutani mwa stoo. Wote wawili wamekufa sasa, yeye na Kalume, na sikuwahi kumsikia yeyote kati yao akikubali mbele ya mwenzake kwamba huyo mwenzake alikuwa na haki juu ya mipira.

Kapembwa aliishi. Alizaa watoto na Mwape, akazeeka, akanijengea jiko, na alipokuja kwangu alikohoa mlangoni kwa mazoea, nami nikamwambia ingia, unakohoa nini. Ugonjwa mwingine ndio uliomchukua mwaka huu, ugonjwa wa kifua, kitandani mwake, mvua ikinyesha. Mikono yangu inatetemeka ninapoandika haya. Ni uzee, lakini kama ni ule mwingine, basi nimeununua kwa hiari yangu na siudai kurudishwa.

Siku ya mazishi walileta kamio mpya kulipeleka sanduku makaburini, kamio nyeupe, ndefu, na shofere mwenye miwani. Njia ilikuwa mbaya. Walitaka kunipandisha kabini kwa heshima, kiti laini, mlango umeshafunguliwa. Nilikataa, nikaenda nyuma kwenye sanduku. Yule mwenye wigi nyekundu alikuwa ameshapanda huko na waombolezaji, akaniangalia. Shofere alishuka akanishika mkono. "Bibi," alisema, "musiogope potopoto. Hii inavuta miguu yote ine, nabonyeza hapa tu. Hatuhitaji uzito nyuma."

"Najua," nilimwambia. "Niinue."